Teach First na Madarasa ya London
Shirika la Teach First, lililoasisiwa nchini Uingereza mwaka 2002 na Brett Wigdortz, Mmarekani aliyekuwa mshauri wa masuala ya biashara, linastahili pongezi kwa kuthubutu kuwaendea wahitimu hodari wa vyuo vikuu, ambao wengi wao walizoea kuwania kazi za benki na uwakili, na kuwashawishi wafundishe kwa miaka miwili katika shule zenye watoto wa familia maskini, kwanza jijini London na baadaye kwingineko. Umaskini huo hupimwa, pamoja na vigezo vingine, kwa idadi ya wanafunzi wanaostahiki mlo wa bure, yaani chakula cha mchana kinachogharimiwa na serikali kwa watoto ambao kipato cha wazazi wao ni kidogo.

Mafunzo ya awali huchukua wiki chache tu za kiangazi, na Septemba inapofika mwalimu mpya husimama mbele ya darasa lake, huku mlezi wake, yaani mwalimu mzoefu wa shule hiyohiyo, akiketi nyuma na kuandika ni nani hakuinua mkono kipindi kizima na ni wapi zoezi liliwaacha wanafunzi nyuma. Ualimu hujengeka zaidi katika kukosolewa huko kuliko katika mihadhara.

Wakosoaji hudai, na wana hoja, kwamba wengi huondoka miaka hiyo miwili inapokwisha. Hata hivyo, shule iliyotangaza nafasi ya mwalimu wa fizikia bila kupata mwombaji haiwezi kuidharau miaka miwili ya somo hilo kufundishwa na mtu aliyelisomea.