"Kutibu" Majitaka: Istilahi Yenye Hatari

Kwa miaka mingi sasa neno kutibu limezoeleka katika maandishi ya idara za maji. Husemwa kutibu maji ya kunywa kwa klorini, na husemwa vilevile kutibu majitaka. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, likiachwa libebe maana zote mbili, laweza kumdhuru msomaji.

Tuchukue mfano wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Mtambo ufaao miji midogo ya huko ni mabwawa yanayofuatana. La kwanza lina kina kirefu, na humo uchafu mzito hutuama na kuoza pasipo hewa. Katika la pili, mwani na bakteria hushirikiana kuumaliza uchafu uliosalia. La mwisho lina kina kifupi, ili jua lipate kuua vijidudu. Maji yatokayo hapo yamepungua madhara, lakini si ya kunywa.

Je, mwananchi akisoma kibao kisemacho "maji yaliyotibiwa", ataelewa nini? Zahanati imekwisha kumfundisha kwamba maji yaliyotibiwa ndiyo ya kunywa. Basi akiyachota, kosa si lake bali ni la mwandishi. Yafaa ikumbukwe pia kwamba kwa wakazi wengi, Wairaqw na Wadatoga, Kiswahili ni lugha ya pili. Tofauti ambayo neno halikuitaja, hawana sababu ya kuikisia.

Wako wanaopendekeza kusafisha. Neno hilo lina kasoro kubwa zaidi, kwani laahidi usafi usiokuwapo. Sisi twapendelea kuchakata, ambalo hutaja kazi bila kuahidi matokeo: mkonge uliochakatwa bado si kamba. Itasemwa kwamba neno hili limekwisha kubebeshwa samaki, madini na hata habari. Ni kweli, lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kumfanya mtu anywe asichopaswa kunywa. Kutibu na libaki kwa maji ya kunywa.

Ama kuhusu masalio yatuamayo chini ya bwawa, wafasiri huandika tope tu. Mjini Katesh neno hilo si jepesi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliua watu zaidi ya 80. Tangazo la "kuondoa tope" laweza kusomwa huko kwa maana nyingine kabisa. Twapendekeza topetaka, kwa kufuata mfano wa majitaka.

Huenda wengine wakaona haya ni mabishano ya maneno. Ziwa Balangida halina mto utokao. Kiingiacho humo hubaki humo. Ziwa Basotu ni la maji baridi, na watu huvua samaki humo. Mtu hawezi kulinda maji asiyoelezwa sawasawa yamechanganyika na nini.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wayajaribu maneno haya mawili katika barua, vibao na madarasa yao, kisha watuletee maoni. Penye neno bora kuliko yetu, tutalipokea kwa shukrani.