Sauti ya Kenya Katika Milima ya Gusii

Haifai kuitaja Sauti ya Kenya ya miaka ile ya mwisho ya sabini bila ya kuipa shukurani inazostahili, kwani televisheni hiyo, iliyoanza mwaka 1962 na kutwaliwa na serikali mwaka 1964, ndiyo pekee iliyokuwapo nchini, na katika wilaya ya Kisii, ambayo zamani hizo ilijumuisha Nyamira pia, mwenye seti alikuwa, apende asipende, mwenyeji wa jirani zake wote, hasa pale ambapo umeme haukufika na betri ya gari ikabeba kazi. Waigizaji wake Kipanga na Mzee Pembe waliwachekesha kwa Kiswahili watu waliolelewa kwa Kikisii, na lugha ikaingia nyumbani bila bakora ya mwalimu. Ihsani hiyo, kwa rai yangu, yazipita zote. Lakini taadhima ya chombo chenyewe ilidhihirika Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 na kuzikwa Nairobi tarehe 31. Maana habari redio ilikwisha kuileta, ila jeneza juu ya gari la mzinga, na umati uliojipanga njiani, vilitaka macho.