Hongera kwa Watunza Majarida

Wanaokusanya matoleo ya zamani ya Weird Tales, jarida la hadithi za kutisha lililoanzishwa Marekani mwaka 1923, wanastahili heshima ileile tunayowapa wahifadhi wa makumbusho. Karatasi yake ilikuwa ya bei rahisi, yenye tindikali. Kurasa zimegeuka kahawia, na ukizifunua kwa pupa vipande vinabaki mkononi. Lakini jalada! Rangi bado zinawaka. Miaka ya 1930 majalada mengi yalichorwa na Margaret Brundage, mwanamke wa Chicago, kwa chaki za rangi zinazofutika kwa kuguswa tu. Michoro yake ya asili iliyosalia ni michache. Tunaijua kazi yake kwa sababu kuna watu waliotia kila toleo ndani ya mfuko, wakaliegemeza kwenye kadibodi, wakaliweka mbali na jua.