Profoma ya kompyuta: yale haiandike

Mdogo wetu mmoja, anamaliza licence mwaka huu, aliniletea profoma ya kompyuta ya nyumbani. Baba yake ameuza mahindi ya msimu mzima juu ya hiyo mashini. Akaniuliza: «Yaya, niende kulipa?» Nilisoma ile karatasi mara mbili. Leo ninaandika yale nilimwambia, juu naona wengi wetu tunanunua vile vile.

Mstari wa kwanza: «Core i7». Basi, hakuna namba nyuma. Hapa njo karatasi inaanza kudanganya bila kusema uongo. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Core i3-8100 ni ya 2017, na kwa kazi ya kuandika na kuhesabu inaishinda ile i7 ya zamani, tena imepangiwa wati 65 pahali pa 95. Windows 11 inaipokea i3 hiyo, ile i7 inaikataa, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. (Ukitumia Linux, neno hili la mwisho halikuhusu sana.) Kununua i7 bila kuuliza namba ni sawa na kununua mbegu juu ya picha ya muhindi mukubwa kwenye mfuko, bila kusoma mwaka ambao ilivunwa.

Mstari wa karte ya grafiki, giga 2: niliukata. Yeye atafanya mémoire, Excel, R, na QGIS ya ramani za mashamba. Picha inayotoka ndani ya prosesa yenyewe inatosha. Muangalie tu isiwe ile ya Intel yenye herufi F mwishoni, sawa i3-10100F, juu hiyo haina picha ndani. RAM giga 16 ni vizuri, lakini hata 8 inaanza kazi, kama karte mere inabakiza nafasi moja wazi ya kuongeza kesho.

Diski ngumu ya tera 1, ile ya kuzunguka. Hapa sina uvumilivu, mnisamehe. Mwaka wa TFC yangu nilikuwa na vipimo vya miezi 3: urefu wa mimea, idadi ya majani, uzito, vyote mu diski kama hiyo. Umeme ukakatika ukarudi, ukakatika tena, kisha diski ikaanza kulia «tak, tak». Nilirudi shambani kupima upya mimea ambayo ilikuwa imeshavunwa nusu. Muchukue SSD, hata ya giga 240. Haina kitu cha kuzunguka ndani, na mashini inawaka haraka. Lakini SSD nayo inakufa, tena yenyewe hailie kwanza. Kopi ya pili iwe pahali pengine kila wiki.

Sasa tufike ku ugonjwa wenyewe. Mu mwaka wa kwanza tulisoma kanuni ya Liebig: mavuno yanafuata kile kirutubisho kinakosa zaidi. Udongo wetu mwekundu wa huku Katanga mara nyingi unakosa fosfori. Unaweza kutupa urea mifuko na mifuko, muhindi haukui. Profoma hii ni urea mtupu. Fosfori yake ni alimentasyo, na imeandikwa kwa maneno mawili: «alim 600W». Haina marque.

Nilimwambia aombe kuiona, asome kibandiko, atafute pahali pa volti 12, aone ampea ni ngapi. Kama ni 18, azidishe: 12 mara 18 ni wati 216. Karibu kila kitu kikubwa mu kompyuta ya leo kinakula ku ile laini ya volti 12, kwa hiyo hiyo njo nguvu ya kweli, na ile 600 ni rangi ya karatoni. Kwa mashini yake wati 216 zingemtosha hata. Shida ni kwamba mutu anayedanganya ku kibandiko, mara nyingi ameokoa pesa hata ndani: hajaweka ulinzi wa umeme ukipanda, ameweka kondensa za nyuzi 85 pahali pa 105. Kondensa inazeeka kwa joto. Kwa hesabu ya kawaida, ukipunguza nyuzi 10, maisha yake yanaongezeka karibu mara mbili. Mu kiangazi hapa Lubumbashi vumbi linaziba feni, joto linapanda, na mu miaka miwili alimentasyo mbaya inalipuka, mara ingine inabeba karte mere pamoja nayo. Heri wati 400 za kweli.

Wengine wataniambia: nunua zile za ofisi zinatoka Ulaya, OptiPlex ao EliteDesk. Nazipenda, ni ngumu. Lakini nyingi ziko na alimentasyo ya umbo na plagi zake zenyewe, haziingie ile ya ATX ya kawaida. Uliza kwanza kama mu ville kuko ya kubadilisha. Na wale wa laptop? Kama unahama kila wiki, muko na haki, betri iko ndani. Huyu lakini iko na wadogo wanne watatumia mashini moja pa meza moja, na kila kitu kitahitaji kutengenezwa kipande kwa kipande.

Kitu kimoja profoma haikuandika kabisa: onduleri. Pesa ya karte ya grafiki iende pale. Haimupe saa za kazi, inamupa dakika za kusajili na kuzima vizuri, na betri yake ya risasi itabadilishwa kisha miaka kadhaa. Aiweke mu hesabu tangu leo.

Alirudi dukani na maswali yangu ku karatasi. Muuzaji alikubali namba ya prosesa (ilikuwa ya 2011, nilivyofikiri) na SSD. Ku alimentasyo alicheka, akasema hakuna mteja ameshamuomba kufungua karatoni. Amemuambia arudi Jumatatu. Pesa ya mahindi ingali mu mfuko.