Sura Pasipo Majina: Picha za Misioni ya Leipzig katika Maktaba ya Kidijitali

Mwanafunzi wa historia ya Kanisa anayetaka kuona mwanzo wa Ulutheri wa Kilimanjaro, Meru na Upare halazimiki tena kuandika barua Ujerumani na kungoja jibu. Hufungua kompyuta akaingia katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, mjini Los Angeles. Humo mna hifadhi ya kimataifa ya picha za misioni, iliyokusanya picha za vyama vya Basel, Herrnhut, Stavanger, Paris na vinginevyo, tangu karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Picha za Misioni ya Leipzig zimo pia. Nimezitumia darasani kwa miaka kadhaa, na mengi niyajuayo juu ya miaka hiyo nimeyapata kwa kuzitazama. Yafaa niseme hivyo mapema, ili yatakayofuata yasidhaniwe kuwa maneno ya mtu asiye na shukrani.

Kazi yenyewe imefanywa vizuri. Picha nyingi za wakati ule zilikuwa vioo na karatasi zinazofifia, na ambaye hakusafiri hadi Ujerumani hakuweza kuziona. Sasa mchungaji aliyeko Gonja aweza kuitazama Gonja ya babu zake bila kuomba ruhusa ya mtu. Tena aweza kuikuza picha. Katika kuikuza ndipo jambo la ajabu hutokea: yale ambayo mpiga picha hakuyakusudia hujitokeza. Mmisionari alilenga kanisa jipya, lakini pembeni panaonekana mfongo ukileta maji kihambani, na ua wa masale ukionyesha mpaka wa nani na nani. Alilenga darasa la ubatizo waliovaa kanzu nyeupe, lakini nyuma yao amesimama mtu mzima aliyejifunga ngozi, mikono kifuani, akitazama. Hakubatizwa siku ile. Huenda alikuwa baba wa mmoja wao. Kwangu mimi mtu huyo wa nyuma ametoa hotuba ndefu kuliko wote walio mbele, na nimewahi kutumia kipindi kizima cha darasa juu yake peke yake.

Hatuna budi kukumbuka picha hizi zilipigwa kwa ajili ya nani. Hazikupigwa kwa ajili yetu. Ziliwakusudia Wakristo wa Ujerumani waliotoa sadaka zao. Zilionyeshwa ukutani kwa taa katika mikutano ya misioni na kuchapishwa katika majarida. Kwa hiyo maelezo yake yaliandikwa kwa watu waliomjua mmisionari na ambao kamwe wasingekutana na mwanafunzi wake. Mzungu ana jina. Mwafrika ana kabila, au kazi, au umri: mwanamke wa Kichaga, mwalimu, vijana wa Kipare, mzee wa Kimeru. Si kila mara, kwani wako machifu na walimu wachache waliotajwa. Lakini ndiyo desturi, na anayepitia kurasa nyingi kwa mfululizo huiona upesi.

Maktaba ya California haikuianzisha desturi hiyo. Ilichofanya ni kuyapokea maelezo ya Kijerumani, kuyafasiri kwa Kiingereza na kuyapanga. Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanza. Maneno yaliyokuwa ya mtu mmoja, akiandika nyuma ya picha yake kwa haraka, yamegeuka kuwa orodha ya chuo kikuu. Yamepata heshima ambayo hayakuwa nayo. Mwanafunzi akisoma katika orodha kwamba picha ni ya ‘mwalimu’, huandika katika tasnifu yake kwamba jina la mwalimu huyo halijulikani. Kumbe halikujulikana kwa nani? Usharika mzima ulimjua. Aliwafundisha watoto wao kusoma.

Liko na suala la tarehe, ambalo naliona zito zaidi ingawa wengi hawaliangalii. Pale ambapo mwaka wa picha haukuandikwa, waandaaji mara nyingi wameweka kipindi kirefu, pengine kufuata miaka ambayo mmisionari fulani alikuwa Afrika. Hivyo twakuta picha ambayo yaweza kuwa ya wakati wowote kati ya miaka ya kabla ya vita kuu ya kwanza na mwaka 1938. Kwa mtunza maktaba huo ni uangalifu, naye hastahili lawama. Lakini kwa historia yetu kipindi hicho kimemeza jambo kubwa. Mwaka 1920 Wajerumani walifukuzwa katika nchi hii, isipokuwa wachache waliotoka nchi za Baltiki, na Leipzig hawakurudi hadi kama mwaka 1925. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia katikati yake, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo lile. Ni nani aliyefundisha katekisimo, aliyezika wafu, aliyewakusanya watu kwa ibada katika vijiji vya mlimani? Ni walimu wale wale wasio na majina.

Kwa maneno mengine, kamera iliondoka hasa pale ambapo Kanisa lilisimama kwa miguu yake, na tarehe ndefu katika orodha inaufunika mwanya huo kama mkeka unavyofunika shimo. Asiyejua hupita juu yake bila kujua kwamba amepita. Ningependa kuona maneno machache tu yakiwekwa katika maelezo ya mkusanyiko huu, yakisema kwamba kuanzia mwaka 1920 wapiga picha wengi hawakuwapo, na kwa nini.

Juu ya lugha sitasema mengi. Atafutaye kwa Kiswahili hapati kitu. Atafutaye kwa Kiingereza hupata, mradi ajue kwamba Machame yaweza kufichwa chini ya ‘Madschame’ na Wachaga chini ya ‘Dschagga’. Hilo larekebishika kwa kazi ya majira machache ya likizo.

Sasa niwageukie wenzangu, maana lawama haiishii California. Wao wana sura bila majina. Sisi tuna majina bila sura. Katika sakristia za sharika zetu za zamani vimo vitabu vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa na vya mazishi, vingine vimeanzishwa na mkono uleule ulioandika nyuma ya picha. Humo mwalimu ana jina lake la nyumbani na jina la ubatizo, jina la baba yake, wadhamini wake, na siku aliyobatizwa. Nusu ya pili ya orodha ile ya Los Angeles iko kwetu, katika kabati lenye kufuli iliyopotea ufunguo. Nimeingia katika sakristia moja ambapo kitabu cha kwanza cha ubatizo kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Katika nyingine mchwa walikuwa wamekula kurasa kuanzia nyuma wakielekea mbele, yaani wamefika wajukuu na sasa wanawaendea mababu. Msomaji wa Neemia sura ya 7 anakumbuka yaliyowapata wale waliotafuta orodha ya ukoo wao wasiione.

Si kwamba kila kitu kipigwe picha na kurushwa mtandaoni. Vitabu vyetu vina kurasa za waliotengwa na meza ya Bwana na waliorudi kundini, pamoja na sababu zake. Kurasa hizo ni siri ya uchungaji hata kama wahusika wamelala miaka themanini, kwa kuwa majina ya ukoo bado yako katika kwaya ya Jumapili hii. Mchungaji atakayemkabidhi mgeni mwenye skana vitabu vyote kwa furaha ya kushukuru atakuwa amekosea kama yule aliyeviacha viliwe. Lakini orodha za ubatizo na za walimu zaweza kunakiliwa, na dayosisi zaweza kuzungumza na Leipzig wenye picha, na kupitia kwao na maktaba, ili majina yaongezwe kando ya maelezo ya zamani. Nasema kando, si badala. Maneno ya mmisionari yabaki yalivyo, maana nayo ni ushahidi.

Mwaka juzi nilichapa picha kumi na mbili nikazipeleka katika usharika mmoja wa mlimani, nikazitandaza mezani baada ya ibada. Nilitegemea wazee wazitambue sura. Walianza na mahali. Bibi mmoja aliweka kidole juu ya mfongo akasema, “Mchungaji, hapa si pale walipoandika. Maji haya hayajawahi kupita upande ule.” Wenzake wakakubali, na nilipokwenda kutazama mteremko nikaona kwamba picha ilikuwa imewekwa chini ya jina la kituo kingine. Hiyo ilikuwa furaha yangu ya asubuhi.

Kisha ikaja picha ya mwalimu amesimama mbele ya shule ya nyasi, kitabu mkononi. Mzee mmoja wa kanisa akasema ni babu yake. Kabla hajamaliza, mwingine wa ukoo wa jirani akasema ni babu yake yeye, akaonyesha paji la uso na jinsi alivyoshika kitabu kwa mkono wa kushoto. Walibishana kwa adabu, kisha kwa adabu kidogo. Tulifungua kitabu cha ubatizo. Mababu wote wawili walikuwamo, wote wawili wameandikwa kuwa walimu, wamebatizwa Pasaka moja. Kitabu hakisemi ni yupi aliyetumia mkono wa kushoto.

Nimewaachia picha hiyo, kila mmoja nakala yake. Katika orodha ya maktaba bado imeandikwa mwalimu. Wazee wale wameniomba niandike California niweke majina yote mawili, na alama ya kuuliza.