Ali na Tyson: Tazama Miguu

Ubishi wa nani angeshinda kati ya Muhammad Ali na Mike Tyson kwa kawaida huishia kwenye kelele, kwa sababu kila upande hutaja sifa za mtu wake na hakuna anayeuliza sifa hizo zingekutana vipi ulingoni. Wa Tyson hukumbusha sekunde 91 zilizotosha kummaliza Michael Spinks mwaka 1988. Wa Ali hukimbilia Kinshasa, 1974, alipomwangusha George Foreman raundi ya nane. Wengine husema mjadala wenyewe hauna maana, kwani mmoja alizaliwa 1942 na mwenzake 1966. Lakini bondia hapigani na tarehe ya kuzaliwa, hupigana na mtindo, na mitindo ya wawili hawa imehifadhiwa kwenye filamu kwa yeyote anayetaka kuichunguza. Hoja yangu ni kwamba ndondi, kabla ya kuwa mashindano ya nguvu, ni ufundi wa kumiliki nafasi iliyo kati ya watu wawili. Kwa kipimo hicho, Ali wa 1966 na 1967 angemshinda Tyson wa 1988.

Kwanza tumpe Tyson haki yake, maana wanaomsifu kwa ubabe peke yake wanamdhulumu. Alikuwa na urefu wa sentimita 178 hivi, mfupi kwa bondia wa uzito wa juu, na kocha wake Cus D'Amato aliugeuza ufupi huo kuwa silaha. Glavu zilikaa mashavuni, viwiko vikabana mbavu, kichwa kikawa hakitulii. Mpinzani alirusha ngumi ikapita hewani; kabla hajaurudisha mkono, Tyson ameshapiga hatua fupi ya pembeni na kuingia ndani. Konde la kulia linatua mbavuni, kisha mkono uleule unapanda kutoka chini hadi kidevuni. Hapo hakuna hasira. Kuna zoezi lililorudiwa mpaka mwili ukalijua wenyewe. Kwa ufundi huo alitwaa ubingwa Novemba 1986, akiwa na miaka 20 tu, kwa kumpiga Trevor Berbick, bondia yuleyule aliyepigana na Ali katika pambano lake la mwisho.

Hata hivyo ufundi huo una sharti moja: lazima ufike karibu. Ali alikuwa na sentimita 191, na mikono yake ikinyooshwa ilimzidi Tyson kwa karibu sentimita 18. Kwa uzito hawakuachana sana: Ali alipanda ulingoni na kilo 96 hivi Novemba 1966, Tyson na kilo 99 dhidi ya Spinks. Tofauti kubwa ilikuwa miguuni. Tazama pambano la Ali na Zora Folley, Machi 1967: anazunguka, ngumi ya kushoto inachomoka kutoka usawa wa kiuno, inagusa, na yeye hayupo tena pale alipoipigia. Anavuta kichwa nyuma, jambo ambalo makocha hulikataza, lakini kwake lilifanya kazi kwa sababu jicho lilishapima umbali. Tena shule ya D'Amato haikuwa ngeni kwake. Floyd Patterson, aliyelelewa na kocha huyohuyo kwa mtindo huohuo wa glavu mashavuni, alikutana naye Novemba 1965, akapigwa mpaka mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya 12.

Utaniambia Patterson alikuwa mwepesi kuliko Tyson, na mgongo ulimsumbua usiku ule. Ni kweli. Utaongeza kwamba ngumi ya kushoto ya kupinda ilikuwa ugonjwa wa Ali: Henry Cooper alimwangusha nayo 1963, Joe Frazier akamwangusha nayo 1971, na Tyson alikuwa nayo, tena ya kasi zaidi. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nimwachie Tyson raundi nne za mwanzo. Lakini Ali wa 1971 alikuwa ametoka kwenye miaka zaidi ya mitatu bila pambano, baada ya kunyang'anywa mkanda kwa kukataa kwenda jeshini. Frazier huyohuyo aliporudiana naye Januari 1974, Ali alimshika shingo na kumkumbatia kila alipoingia ndani, akashinda kwa pointi. Na mwaka 1987 James Smith na Tony Tucker, warefu wote wawili na wasiofikia hata nusu ya kipaji cha Ali, walifika raundi ya 12 na Tyson, Smith akitumia zaidi kukumbatia. Nautegemea ushahidi huu kuliko kipigo alichompa Buster Douglas huko Tokyo 1990, kwa kuwa Tyson wa usiku ule alikuwa ameshaachana na kocha wake Kevin Rooney na hakuwa tena katika ubora wake.

Hata Kinshasa siitumii, ingawa kwa sababu nyingine. Foreman alirusha ngumi ndefu za kuzungusha, na Ali aliweza kuegemea kamba akazimeza. Kuegemea kamba mbele ya ngumi fupi za Tyson kungekuwa kujitafutia maangamizi, na wapenzi wa Ali wanaoleta usiku ule kama ushahidi wanaharibu kesi yao wenyewe. Ali wa 1967 hakuhitaji kamba, kwani alikuwa na miguu. Hukumu yangu ni Ali, baada ya mwanzo wa hatari, ama kwa pointi au kwa mwamuzi kuingilia kati baada ya raundi ya tisa. Ukiipinga, usiniletee orodha ya KO. Tazama mapambano ya Folley na Spinks, moja baada ya jingine, macho yako yakiwa chini ya kiuno.