Wauguzi wa Ndosho

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, mali ya kanisa la Wabaptisti, ilifurika majeruhi hadi kwenye mahema. Foleni ilipangwa kwa uzito wa jeraha: anayevuja damu zaidi hutangulia, awe askari au mama muuza makaa. Kwangu hiyo ni haki kamili. Jeraha la risasi kwa kawaida halishonwi siku hiyohiyo. Husafishwa, huachwa wazi chini ya bandeji, kisha hufungwa baada ya siku nne au tano. Katikati kuna mikojo ya kumwaga, shuka za kubadilisha, wagonjwa wa kugeuzwa usiku kucha. Wapo wanaotembea leo wakidaiwa na muuguzi wasiyemkumbuka hata sura.